Taka za viwandani zageuzwa ghala la joto, mkulima ajipange vipi?

KATIKA kijiji chochote kinachovuna mahindi kabla mvua haijakatika, hesabu ni ile ile. Mahindi hutandazwa kwenye turubai saa tatu asubuhi, wingu likitanda saa nane yanakusanywa mbio mbio, na usiku unyevu unarudi. Jua lipo, lakini halikai. Mwenye uwezo hukausha kwa kuni, na kuni nazo kila mwaka zinafuatwa mbali zaidi.

Hasara yake si ndogo. Mahindi yanayohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 walikufa. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania, nayo ilipata msiba wa aina hiyo. Waliougua walikuwa 68 na waliokufa 20. Kwa mfanyabiashara, viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi, mnunuzi mkubwa anayakataa na mkulima anabaki na dalali wa bei ya kutupa.

Swali la mkulima, basi, ni namna ya kuweka joto la mchana litumike usiku. Swali hilo hilo linawasumbua wenye viwanda na mitambo ya umeme katika nchi zilizoendelea. Katika miaka ya karibuni, majibu kadhaa yametoka mahali ambapo wengi hawakutarajia, yaani jalalani. Majivu ya makaa ya mawe, mavi ya chuma, mabaki ya mawe ya kuchonga na hata asibesto iliyong'olewa kwenye majengo vimejaribiwa kuwa vitu vya kuhifadhia joto.

Habari hizi zinavutia, na zikifika sokoni zitafika na maneno mengi. Ni vizuri mkulima na mfanyabiashara mdogo wajue mapema ni wapi kuna faida na ni wapi hakuna.

Vifusi vya mawe vyapasha mji joto

Mfano ulio wazi zaidi uko Finland. Katika mji mdogo wa Pornainen, kampuni ya Polar Night Energy ilijenga ghala la joto lililozinduliwa mwaka 2025. Ni silo la chuma lenye urefu wa mita 13 kwenda juu na upana wa mita 15. Ndani yake kuna tani 2,000 za mawe laini yaliyosagwa, ambayo ni mabaki ya kiwanda kinachotengeneza meko za nyumbani za kuotea moto.

Ghala hilo hupashwa moto kwa umeme pale bei ya umeme inaposhuka, kisha hutoa joto taratibu kwa ajili ya maji ya moto yanayozungushwa katika nyumba za mji. Linabeba joto la uniti 100,000, hesabu ya uniti ikiwa ni ile ile ya kwenye luku. Kabla yake, mwaka 2022, kampuni hiyo ilikuwa imejenga ghala dogo katika mji wa Kankaanpää, lenye tani 100 za mchanga na uwezo wa uniti 8,000.

Hakuna uchawi hapo. Kila mama anayepika kwa mafiga anajua kwamba moto ukishazimwa, mafiga hubaki ya moto kwa muda mrefu. Mwoka mikate anajua kwamba tanuri la udongo likishapata moto sawasawa, kuni zinaweza kuondolewa na mikate ikaendelea kuiva. Wazungu wa Finland wamefanya kitu hicho hicho kwa ukubwa, wakalifunika ghala vizuri ili joto lisitoroke.

Asibesto yayeyushwa na kuwa kauri

Ufaransa imekwenda hatua nyingine. Nchi hiyo ilipiga marufuku asibesto mwaka 1997 kwa sababu nyuzi zake zikivutwa huleta saratani. Marufuku hiyo iliacha swali: mapaa, mabomba na vifunika joto vya zamani vitupwe wapi? Katika mji wa Morcenx, kusini magharibi mwa nchi hiyo, kiwanda cha Inertam kilianza kuyeyusha taka hizo kwa mwali mkali wa umeme, kwenye joto linalozidi nyuzi 1,400. Kwa joto hilo nyuzi zinazodhuru zinaisha kabisa. Kinachotoka ni uji wa mawe ambao ukipoa unakuwa kitu kigumu cheusi kilichopewa jina la Cofalit.

Kwa muda mrefu Cofalit ilitumika kama kifusi cha barabara. Baadaye watafiti wa maabara ya PROMES iliyopo Perpignan, wakiwamo Xavier Py na wenzake, waliichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011. Walichoona ni kwamba kitu hicho ni kauri inayostahimili joto la karibu nyuzi 1,000 bila kupasuka wala kubadilika, na ni kizito, karibu kilo 3,000 kwa mita moja ya ujazo. Uzito huo ni faida, maana ghala dogo linabeba joto jingi.

Wenzao wa Hispania walifuata njia ya chuma. Katika mradi wa ReSlag uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2015, mavi ya chuma kutoka kwenye matanuru ya umeme ya kuyeyushia vyuma chakavu yalijaribiwa kwa kazi hiyo hiyo. Malighafi haina uhaba. Kwa kila tani ya chuma inayotengenezwa duniani, hubaki kati ya kilo 200 na 400 za mabaki, kutegemea aina ya tanuru.

Sababu moja ya utafiti huu inamgusa mkulima moja kwa moja. Mitambo mikubwa ya umeme wa jua, kama ule wa Noor wa Ouarzazate nchini Moroko ulioanza kazi mwaka 2016, huhifadhi joto kwa chumvi iliyoyeyushwa. Chumvi hiyo ni mchanganyiko wa nitrati ya sodiamu na nitrati ya potasiamu, vitu ambavyo pia hutumika kama mbolea. Mitambo hiyo ikiongezeka sana, itakuwa inagombea malighafi moja na mashamba. Kauri ya taka haina ugomvi na mbolea.

Niger na majivu yake

Afrika nayo haikukaa pembeni. Karibu na Agadez, nchini Niger, kuna mtambo wa makaa ya mawe wa kampuni ya SONICHAR, iliyoanzishwa mwaka 1975 ili kupeleka umeme kwenye migodi ya urani. Mtambo huo umezungukwa na milima ya majivu mazito. Watafiti wa chuo cha 2iE cha Ouagadougou, Burkina Faso, wakishirikiana na wenzao wa Perpignan, wamechunguza majivu hayo pamoja na udongo mwekundu wa Afrika Magharibi ili kuona kama vinafaa kuhifadhia joto la jua.

Fikra yao ni rahisi kuielewa. Nchi maskini haiwezi kuagiza chumvi kwa meli ili ihifadhi jua lake yenyewe. Ghala la joto la bei nafuu linatakiwa lijengwe kwa kitu kinachopatikana karibu na mtambo.

Hesabu ya tani moja

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kuchukua kalamu. Tani moja ya kauri, ikipashwa moto hadi ikapanda kwa nyuzi 500, inabeba joto la karibu uniti 125. Kilo moja ya kuni kavu inatoa joto la uniti nne na kidogo. Kwa hiyo tani nzima ya kauri ya moto ni sawa na mzigo wa kuni wa kilo 30.

Hesabu hiyo si ya karatasi tu. Kampuni ya Siemens Gamesa ilijenga ghala la majaribio Hamburg, Ujerumani, mwaka 2019, likiwa na tani 1,000 za mawe ya volkano yaliyopashwa hadi nyuzi 750. Lilibeba uniti 130,000, yaani uniti 130 kwa tani. Lile la Pornainen, ambalo joto lake linatumika kwa namna nyingine, ni uniti 50 kwa tani.

Uniti 125 zinaweza kukausha nini? Kuondoa kilo moja ya maji kwenye nafaka kunahitaji karibu uniti 0.7, lakini vikaushio vingi hupoteza nusu ya joto, kwa hiyo tuseme uniti 1.4. Hapo tani moja ya kauri inaondoa kilo 90 za maji. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20 linatakiwa kupoteza kilo saba na nusu ili lifike asilimia 13.5. Ina maana tani moja ya kauri, ikipashwa mara moja, inakausha karibu magunia 12.

Magunia 12 kwa usiku mmoja si haba kwa kikundi cha wakulima. Lakini mtu akijiuliza kwamba kazi hiyo hiyo ingefanywa na kilo 30 za kuni, anaona kwamba kauri peke yake haileti utajiri. Faida yake inategemea kitu kimoja tu: joto la kuipasha limetoka wapi, na kwa bei gani.

Joto la kununua halilipi

Chukua anayelipa shilingi 300 za Tanzania kwa uniti. Kupasha tani moja kwa umeme kutamgharimu shilingi 37,500. Hakuna kijiji ambacho kilo 30 za kuni zinauzwa kwa bei hiyo. Kwa mkulima wa namna hiyo, ghala la joto linalotumia umeme ni hasara tangu siku ya kwanza.

Finland linalipa kwa sababu bei ya umeme huko hupanda na kushuka kila saa. Upepo ukivuma sana usiku, umeme unakuwa rahisi mno na ghala linajazwa wakati huo. Afrika Mashariki mteja mdogo hulipa bei moja mchana na usiku. Kenya ilianza mwezi Desemba 2017 kuwapunguzia wenye viwanda bei ya umeme wa saa ambazo matumizi ni madogo. Utaratibu wa namna hiyo ukienea, kiwanda cha chai au cha maziwa kinaweza kufikiria ghala la joto. Bila hivyo, hesabu haitimii.

Hata Ulaya soko halijakubali kirahisi. Ghala la Hamburg lilifanya kazi kama lilivyotarajiwa, lakini mwaka 2022 mradi ulisimamishwa kwa kukosa wanunuzi. Kufanya kazi kwa mashine ni jambo moja, na kupata mteja ni jambo jingine.

Kuna na gharama ya kutengeneza kauri yenyewe. Kuyeyusha taka kwa nyuzi 1,400 kunakula nishati nyingi. Ufaransa iliweza kwa sababu mwenye asibesto analazimishwa na sheria kulipia iharibiwe. Kwa maneno mengine, kiwanda kinalipwa kupokea taka, na kauri ni nyongeza. Mavi ya chuma yana nafuu kwa sababu yanatoka kwenye tanuru yakiwa tayari uji wa moto. Kinachotakiwa ni kuyapoza kwa utaratibu. Majivu hayana nafuu hiyo. Mahali ambapo hakuna anayelipia taka, hakuna pia atakayelipia kuiyeyusha.

Pa kuanzia Afrika Mashariki

Joto la bure lipo, ila wengi hawaliangalii. Liko kwenye mabomba ya moshi. Kiwanda cha saruji, kiwanda cha sukari, kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, vyote hivyo hutupa joto hewani usiku na mchana. Kuweka kauri kwenye njia ya moshi huo, ikala joto na baadaye kulirudisha kwenye hewa ya kukaushia, ndilo wazo lililoifanya kampuni ya Eco-Tech Ceram ianzishwe Ufaransa mwaka 2014, ikitokana na utafiti ule ule wa Perpignan.

Kwa wafyatua matofali wazo hilo liko karibu zaidi. Tanuru la matofali likishachomwa hukaa siku kadhaa likipoa, na joto lote linakwenda bure. Jirani yake kuna matofali mabichi yanayosubiri jua ili yakauke. Mwenye matanuru mawili yaliyojengwa pamoja, moja likipoa na jingine likijazwa, anaweza kupitisha hewa ya moto kutoka la kwanza kwenda la pili. Hapo tofali lenyewe ndilo ghala la joto, wala halihitaji kununuliwa.

Viwanda vya chai vya Kericho, Mufindi na Rungwe hutumia kuni nyingi kupata hewa ya moto ya kukaushia majani. Wakulima wa tumbaku wa Tabora na Urambo huchochea moto kwenye mabani kwa siku nyingi mfululizo, mchana na usiku. Wote hao wana tatizo moja: moto wa kuni haukai sawa. Ukichochewa unazidi, mchochezi akisinzia unashuka, na ubora wa majani unashuka nao. Ukuta mzito wa matofali ya kuchoma kati ya moto na chumba cha kukaushia husaidia joto lisipande na kushuka ovyo. Si teknolojia ya maabara, na fundi mwashi wa kijijini anaiweza.

Pale maji yanapoishinda kauri

Kwa mkulima mwenye kikaushio cha jua, kile cha kisanduku cheusi na nailoni ya kupitisha mwanga, kuna jambo la kushangaza kidogo. Kikaushio hicho hakifiki nyuzi 500. Hufika 60 hivi. Kwa joto hilo, kauri si mshindi.

Tani moja ya matofali ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 inabeba uniti saba tu. Tani moja ya maji, yaani mapipa matano ya lita 200, ikipanda kiasi hicho hicho inabeba uniti 35, mara tano zaidi. Kauri inapata nguvu pale joto linapozidi kiwango ambacho maji huchemka na kupotea. Chini ya hapo, pipa lililopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji linaishinda kauri yoyote ya Ulaya.

Mawe na matofali yaliyovunjika yana faida yake hata hivyo. Hayavuji, hayaozeshi chuma, na hewa hupita katikati yake na kuchukua joto moja kwa moja. Kwa hiyo sakafu ya kikaushio iliyojazwa kokoto au vipande vya matofali inafaa kuzuia unyevu usirudi jioni. Mkulima asitarajie tu kwamba itakausha usiku kucha.

Majivu na asibesto si vya kuchezea

Habari za taka kugeuka mali huwapa watu tamaa ya kujaribu nyumbani. Hapa panahitaji uangalifu. Majengo mengi ya zamani, shule na zahanati zikiwamo, bado yana mapaa ya asibesto. Kuyavunja, kuyasaga au kuyakata kwa msumeno kunarusha nyuzi zinazoingia mapafuni na kuleta maradhi miaka mingi baadaye. Tanuru la matofali halifiki joto la kuzimaliza nyuzi hizo kwa uhakika. Mapaa hayo yaachwe kwa wenye vifaa na vibali.

Majivu ya makaa ya mawe na mavi ya chuma pia yanaweza kuwa na madini mazito kama risasi na kromiamu. Yakiyeyushwa na kupozwa ipasavyo madini hayo hufungwa ndani ya kauri. Yakisagwa na kuchanganywa na udongo bila kupimwa, yanaweza kuishia kwenye chakula. Asiwepo wa kujenga sakafu ya kukaushia nafaka kwa mabaki ya kiwanda ambayo hayajapimwa, hata kama yametolewa bure.

Nani ataishika taka?

Liko jambo la mwisho, na hili linawahusu zaidi wafanyabiashara wadogo. Miaka ya nyuma vyuma chakavu vilikuwa uchafu wa uani. Viwanda vilipoanza kuvinunua, vikapata mizani, madalali na bei. Chupa za plastiki zimepita njia hiyo hiyo. Mavi ya chuma na majivu tayari yana mteja mwingine, kwa kuwa viwanda vya saruji katika nchi nyingi huyachanganya kwenye saruji. Ikiwa mtengenezaji wa maghala ya joto naye ataingia sokoni, kinachotolewa bure leo hakitakuwa bure.

Kikundi kilicho karibu na kiwanda hakina haja ya kusubiri mtambo kutoka Perpignan ili kuanza mazungumzo. Kinachotakiwa kujulikana ni kiwanda kinatupa nini, kiasi gani kwa mwezi, kimepimwa na nani, na joto kiasi gani linatoka kwenye bomba la moshi. Swali la joto ndilo kubwa. Ekari moja ya ardhi kando ya kiwanda chenye hewa ya moto isiyotumika inaweza kuwa na thamani kwa wakausha mahindi kuliko tani elfu za kauri zilizoko mbali.

Mkulima atakayefuatwa na muuzaji wa "tofali la kuhifadhi jua" anayo maswali matatu ya kumuuliza kabla ya kutoa fedha. Linapashwa na nini? Linafika nyuzi ngapi? Joto hilo ni sawa na kilo ngapi za kuni kwa usiku mmoja? Muuzaji asiyejibu la tatu kwa tarakimu, aambiwe arudi atakapokuwa amepiga hesabu.